Nyuma ya Cheti cha Ubatizo

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni, watu wanakohoa na kusukumana, na yule bwana wa ovaroli ya buluu akaipita yote utadhani hospitali ni ya baba yake.

"Wewe kaka, huwaoni wenzako?" mfamasia alimkemea. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, masikioni hereni ndogo za dhahabu.

"Nimekuja kutengeneza friji ya chanjo, dada. Ila ukitaka nipange foleni, napanga. Chanjo zikiharibika usinilaumu."

Watu wakacheka. Mfamasia naye, ambaye kazini hakuwa na masihara na mtu, akacheka. Yakaanzia hapo. Friji ilipona siku ileile, lakini fundi alirudi kuikagua mara nne mwezi ule, na kila jioni simu.

"Haloo, Baridi wangu."

"Niambie, Dawa. Umekula?"

"Nimekula. Nimekukumbuka tu."

"Basi nikuoe, upumzike kukumbuka."

"Kanisani lakini. Vinginevyo sitaki."

Hakuwa anatania. Mama yake aliishi na baba yake miaka thelathini bila ndoa ya Kanisa, maana mzee alikuwa na mke wa ndoa mahali pengine. Kila Jumapili wenzake wakienda kupokea Komunyo, mama, asiyeruhusiwa kuipokea kwa kuishi hivyo, alibaki kwenye benchi, akikunja miguu ili watu wapite. Binti alikua akiitazama miguu ile, akaapa yeye hatakaa hivyo.

Fundi akaenda kwa padri na cheti chake cha zamani cha ubatizo. Padri akamrudishia: anayetaka kufunga ndoa huleta cheti kipya, kutoka parokia alikobatizwa. Wiki zikapita. Fundi akasema mara njia mbovu, mara karani mgonjwa. Mfamasia, kwa wema wake, akaipigia simu parokia ile mwenyewe, akaomba kitumwe.

Kikaja. Padri akawaita wote wawili, akakigeuza. Nyuma yake karani alikuwa amenakili kutoka daftari la parokia, kwa mwandiko safi, kwamba huyu alishafunga ndoa, miaka tisa iliyopita, na jina la mwanamke.

"Aliniacha baada ya miezi mitano!" fundi alisema. "Ana mwanamume mwingine, wana watoto watatu. Nilidhani yameisha."

"Ulidhani, au ulitumaini sitajua?" mfamasia aliuliza.

Miezi mitatu mfamasia hakupokea simu ya fundi. Fundi akapeleka kesi kwenye mahakama ya Kanisa, aombe ndoa ile itamkwe kuwa batili tangu mwanzo, na kila hatua akamtumia ujumbe. Moyo si jiwe jamani. Simu zikarudi, na yale majina ya Baridi na Dawa yakarudi.

Walisubiri miaka miwili. Jibu likaja: fundi na mwanamke yule walisimama altareni kwa hiari yao, wakijua wanachofanya. Ndoa ipo. Rufani nayo ikasema vilevile.

Siku hiyo walikaa kwenye benchi nje ya maabara, fundi na shati jeupe, mfamasia na gauni la kijani alilopenda fundi.

"Twende tukaandikishe serikalini, mpenzi."

"Halafu nikae kama mama? Hapana."

"Basi nitakusubiri. Hata miaka ishirini."

"Utasubiri nini?"

Fundi akatazama mlango wa maabara.

"Sema, Baridi. Nini kitakufungua?"

Walijua wote. Kifo tu.

"Mwezi jana nilisikia mkeo amelazwa," mfamasia alisema. "Nikaenda kanisani, nikapiga magoti, nikajikuta nafurahi. Nafurahi! Mama wa watoto watatu."

"Mimi nilijaribu kumwombea," fundi alisema polepole. "Neno 'apone' likanishinda."

Walilia, watu wazima, mchana kweupe, wagonjwa wakipita na vyeti vyao vya vipimo. Kisha mfamasia akafuta namba ya fundi kwenye simu, mbele ya macho yake, akamwomba naye afute. Kila mmoja alikuwa anaijua namba ya mwenzake kwa kichwa, lakini wakafuta.