Damu ya Thuwaiba Bado Changa

Kwetu Buyenzi, mtu akitoka hospitali haingii nyumbani peke yake. Mtaa mzima unaingia naye. Atapewa mkono, atakumbatiwa, atabusiwa, na wageni watakaa mpaka birika la chai liishe. Asiyekuja ataulizwa sababu hata mwaka ujao.

Basi Mwantum aliposikia binti yake Thuwaiba anarudi Jumamosi, alianza kualika. Ulikuwa mwaka 2002, vita bado vipo, lakini furaha ya mama haingoji vita viishe.

Thuwaiba alikuwa na miaka kumi na tisa, na kansa ya damu. Ndugu zao wa Maskati walimpeleka hospitali ya huko. Madaktari walimpandikiza uboho wa kaka yake, Tamim. Uboho ni kile kitu laini ndani ya mfupa, kinachotengeneza damu. Miezi minne Mwantum hakumwona mwanawe.

Aliagiza mbuzi. Aliagiza maziwa ya mgando kutoka Gasenyi. Alijaza maua sebuleni. Kuku wake nao walitembea ndani kama wenye nyumba.

Adélaïde alipita na ndoo ya maji. Yeye ni muuguzi. Alikimbia risasi mtaani Kanyosha, akapanga chumba uani kwa Mwantum.

"Mama Tamim, harusi ya nani?"

"Apana harusi. Thuwaiba anakuya. Amepona, alhamdulillahi. Watu mia watakuya kumusalimia. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Adélaïde aliweka ndoo chini.

"Huyu mwenyeji hatapona hivyo, mama. Hao watu mia wanaweza kumuua."

Mwantum alikasirika kweli. "We Adélaïde, unanitakia mabaya?"

"Apana, mama. Kansa imetoka, ni kweli. Lakini dawa zilimaliza damu yake ya zamani. Hii ya Tamim ndiyo inaanza. Haijajua kupigana na ugonjwa. Kikohozi kidogo kwako, kwake ni kifo."

Hasira ya Mwantum iligeuka hofu. Alikaa juu ya gunia la mchele.

"Sasa nifunge mlango? Watu watasema nimeleta kiburi cha Maskati. Na shemeji Massoudi? Hatanisamehe."

Adélaïde alikaa kando yake.

"Mama, ulipozaa Tamim, nani alimubeba mbele ya siku makumi ine?"

"Hakuna. Hata mama mukwe alingoja."

"Alikasirika?"

"Akasirike nini? Mutoto alikuwa muchanga."

"Basi, damu ya Thuwaiba nayo ni changa. Ila kwake arobaini haitoshi. Tutangoja mpaka daktari aseme."

Mwantum alicheka huku machozi yakimtoka.

Siku hiyohiyo kuku walihamia kwa jirani, na maua yakawafuata, maana yote hayo hubeba vijidudu. Walisugua chumba kwa maji ya javeli, ile dawa kali ya kusafishia. Adélaïde alieleza kila kitu, na Mwantum alirudia kama mtoto wa madrasa: maji yachemshwe, chakula kipikwe kiive, kiliwe cha moto. Kachumbari hapana, mgando hapana. Anayekohoa asiingie. Anayeingia anawe kwa sabuni. Dawa za hospitali zinywewe kwa saa zake, na miti shamba isiguswe.

"Na homa?" Mwantum aliuliza.

"Tunapima asubuhi na saa tisa. Ikifika thelathini na nane, tunaenda hospitali palepale. Couvre-feu ikianza, watu hawatoki tena usiku, barabara inafungwa. Kwa hiyo kesho tuombe chefu wa zoni, mkubwa wa mtaa, karatasi ya kupita usiku."

Jumamosi wageni walifika. Mwantum alisimama mlangoni na birika.

"Karibuni chai hapa nje. Tuko na muchanga ndani. Salamu ni kwa dirisha."

Watu walicheka, lakini walielewa. Massoudi, ndugu wa marehemu mume wake, alikuja mikono wazi.

"Huyu mutoto nilimubeba mimi."

"Shemeji, arobaini bado kuisha."

Massoudi alinuna. Alitazama dirishani, akamwona Thuwaiba, mwembamba, kichwa hakina nywele. Mikono ilimshuka. Aliiweka kifuani, akamsalimu kwa mbali.

Wiki ya tatu, saa tisa, kipimo kilionyesha thelathini na nane na nusu.

"Ni jua tu, mama," Thuwaiba alisema. "Tungoje kesho."

Mwantum hakungoja hata dakika tano. Alimwita Massoudi na gari lake. Walifika hospitali mapema, Thuwaiba akitetemeka.

Daktari alimwekea dawa mshipani. "Mungelala nyumbani, kesho mungeleta maiti," alimwambia Mwantum. Thuwaiba alilazwa siku sita, kisha akarudi.

Miezi ilipita, nywele zikaota. Damu ya Tamim ilipotimiza mwaka mwilini mwake, daktari alisema: "Chanjo zake za utotoni zimepotea pamoja na damu ya zamani. Aanze tena."

Jumanne, Mwantum alipanga mstari kwenye kituo cha chanjo, pamoja na wamama waliobeba watoto mgongoni. Zamu yake ilifika. Muuguzi aliyekuwa akiandika hakuinua kichwa.

"Mutoto iko na miezi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Iko wapi?"

Mwantum alimshika binti yake mkono, binti aliyemzidi urefu, akamsogeza mbele.

"Ni huyu."