Alama Nne za Kocha Filimbi

Maneno yale niliyasikia saluni, kichwa changu kikiwa kwenye beseni. "Kuna mama kamtoa binti yake kwa kocha, ili mwanawe apate kitanda akademi." Hawakutaja jina, wala hawakujua kama mhusika yuko pale, povu masikioni. Nikatoka na nywele mbichi. Maneno yakanifuata mpaka kitandani.

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini haya nayaandika mwenyewe, ili mwingine asije akarudia. Mengine niliyaona, mengine wamenisimulia wanangu na huyo kocha.

Akademi ile ya mpira ni ya kampuni ya rangi. Huchukua vijana kumi na wanane tu, wasiozidi miaka kumi na mitano, ikawalaza, ikawalisha na kuwasomesha. Kwanza wanajaribiwa miezi miwili. Siku ya kuandikishwa getini palikuwa hapapitiki. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo binti yangu, muuzaji wa duka la dawa, ndiye aliyempeleka mdogo wake. Alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa na viatu virefu, utadhani anakwenda harusini. Katikati ya uwanja kisigino kikazama.

"Mama wa mchezaji, wazazi wanakaa upande ule!"

"Mama? Nani kakwambia mimi mama? Huyu mdogo wangu!"

"Basi samahani, Dada Visigino. Ila unatulimia uwanja."

Aliyesema alikuwa kocha kijana, suti ya michezo ya buluu, filimbi shingoni. Watoto walimwita Kocha Filimbi. Akainama kukichomoa kiatu.

"Ukikivunja je?"

"Nitakubeba."

"Kwa mabega hayo? Nenda kalale!"

Wiki ile alikwenda dukani kununua bandeji. Kesho yake bandeji tena. Siku ya tatu binti akamwuliza, "Wachezaji wako ni vioo?"

"Wao hawajambo. Mgonjwa ni mimi."

Ndivyo walivyoanza. Simu asubuhi, simu mchana, binti anacheka peke yake hadi anaunguza mboga.

Siku mbili baada ya ile ya saluni, Filimbi alikuja nyumbani, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo mama. Nampenda binti yako, na mdogo wake namfundisha. Kampuni inataka kocha wa namna hiyo aseme, ili kijana apewe alama na kocha mwingine. Kesho nataka nikamwambie meneja."

Nilishtuka. "Ukisema, watu watajua ni kweli! Nyamaza. Na mwanangu usimwonee huruma. Mkaze kuliko wenzake wote, mtu asipate la kusema."

"Lakini mama, hiyo siyo..."

"Ni heshima yangu, baba. Nakuomba."

Akainamisha kichwa. Anayetaka kuoa nyumba hii angenibishiaje? Nikajiona nimefanya jambo la maana.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Mwanangu alikuwa wa kumi na tisa. Makocha wawili walimpa nane kwa kumi. Filimbi alimpa nne.

Binti alimpigia simu palepale jikoni, nami nakata vitunguu. Sauti ya Filimbi niliisikia yote.

"Nne, Filimbi? Nne?"

"Mpenzi, nisikilize."

"Alicheza vibaya?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Nakuuliza, mdogo wangu alicheza vibaya?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Ala! Umeshanipata mimi, yeye wa nini tena? Usinipigie!"

Angenitaja kwa neno moja tu. Hakunitaja. Na mimi nikaendelea kukata vitunguu.

Wiki tatu binti alivaa gauni moja la kijivu. Namba ya Filimbi aliifungia. Dukani alikaribia kumpa mgonjwa dawa isiyo yake, tajiri wake akamfokea mbele za watu. Mdogo wake akaacha kutoka, njumu akazitupa chini ya kitanda. Nami kila siku nilisema, kesho nitawaambia.

Jumatano wenzake walimpitia nyumbani, naye kijana akatuletea habari. "Kocha Filimbi kafukuzwa. Kaenda mwenyewe kwa meneja, kasema zile nne zilikuwa za uongo, nilistahili nane. Meneja kasema orodha imeshapelekwa makao makuu, haibadiliki. Na kocha anayeandika alama za uongo habaki."

Binti akakaa. "Mtu mwenye akili zake timamu! Nini kilimpata?"

"Ni mimi," nikasema. Nikawaeleza yote.

Kijana akatoka. Dada yake hakunifokea. Bora angenifokea. Alichukua simu, akaifungua namba ya Filimbi, akampigia amesimama mlangoni.

"Visigino?"

"Kwa nini hukuniambia ni mama?"

"Ungemchukia. Halafu mkono ulioandika nne ni wangu, laazizi, siyo wake."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Mjinga wangu." Akaanza kulia.

"Nimepata shule ya kufundisha michezo, mji mwingine. Naondoka Jumapili. Nilitaka nikuoe, sasa sijui nije na uso gani."

"Njoo na huohuo. Lakini uanze kwa mdogo wangu. Siolewi juu ya machozi yake."

Alikuja Jumamosi. Kijana hakumpa mkono. Filimbi akaomba radhi, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ungenipa zile nane," kijana akauliza, "ningekuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mama ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua."

Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Mwakani atakuwa amezidi umri.

Mjomba wa Filimbi ameshakuja kuposa, harusi ni mwezi ujao. Binti anacheka tena. Mdogo wake hunisalimia, "Shikamoo," kisha anapita.

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana, epukeni haya:

Kulea mapenzi ya siri na ndugu wa mchezaji unayemfundisha.

Kumwomba kocha ampendelee mwanao, au amkaze.

Kumtii mkwe katika jambo unalolijua ni baya.

Kumfungia mtu simu kabla hajamaliza kujieleza.

Kutengeneza jina lako kwa jasho la mtoto.

Kusema kesho nitawaambia.