Gobore la Mjomba Abdulwakil

Mmeshakula, mmeshiba, sasa mnataka niwatishe. Haya. Ila atakayeogopa kwenda chooni asije kuniamsha mimi.

Kilichoanza ni mkate. Fathiya alikuwa akioka mikate ya mayai katika chumba chao pale Dengfeng, Guangzhou, huko Uchina, akiwauzia wafanyabiashara wa Dar na Unguja. Alasiri moja akaukata wa kwanza, ukanuka baruti na ngozi mbichi.

"Ahmada, umetia nini kwenye oveni yangu?"

"Nimekausha rangi tu, mke wangu."

Mwanamume akikwambia "tu", vuta kigoda usikilize. Alikuwa na gobore la mjomba wake Abdulwakil, mwindaji wa Utete, alilolivusha vipande vipande ndani ya magunia ya ufuta. Bunduki, katika nchi ya watu, ambayo ukikamatwa nayo unaozea jela. Laoban mmoja, ndivyo Wachina wamwitavyo bosi, mwenye mkahawa, alitaka kulitundika ukutani, mradi lisishike kutu. Basi Ahmada akashusha mapazia, akalisugua kwa msasa, akaliosha kwa tina ya kuyeyushia rangi, akalipulizia rangi nyeusi, kisha akautia mtutu kwenye oveni ya mikate ili rangi ishike. Na ile hirizi ya ngozi iliyoshonewa kitakoni? Aliikata kwa wembe. Rangi haikai juu ya uchafu, alisema. Uchafu. Na kwao ni Utete, ambako hirizi haichezewi.

Rangi haikukaa. Kila ilipokauka ilikutwa na alama za vidole, virefu, vyembamba, si juu ya rangi bali chini yake, kama vya mtu anayesukuma kutoka ndani. Ahmada akasugua, akapulizia tena. Vikarudi, safari hii karibu zaidi na mdomo wa mtutu.

Kisha Fathiya akasikia pumzi. Alikuwa anakanda unga, jua lingali kwenye madirisha ya jirani, chini wachuuzi wa simu wanabishana bei, na mle ndani ya oveni iliyozimwa na kufungwa kitu kikavuta pumzi ndefu, nzito, kama mluzi wa chupa tupu, kikaitoa, na kilipoitoa mwanawe Swalha wa miaka minne, aliyekaa sakafuni ameipa oveni mgongo, akavuta ya kwake, kikavuta naye akatoa, mpaka Fathiya asijue tena ni kifua kipi kinachompumulia mwenzake, na alipomkimbilia na kumnyanyua akakuta midomo ya mtoto imekuwa myeusi, inanuka rangi.

"Mama, yule babu hana nguo," Swalha akanong'ona. "Anasikia baridi. Anaomba aingie kwangu."

Simu ikapigwa Utete kwa mjomba, ikawekwa spika. Ahmada akaeleza yote kwa sauti ya mwizi.

"Hirizi iko wapi?" akauliza mjomba.

"Niliitupa na taka. Zimeshachukuliwa."

Mzee akafyonya. "Bwege wee. Ulidhani ile ni dawa ya shabaha? Ilikuwa kufuli. Wazee walimfunga jini mle, wewe umembomolea nyumba, umemwacha uchi mlangoni kwa mwanao. Na chuma hicho hakimtaki tena, umeshakipika."

"Nimfukuze vipi, mjomba?"

"Huyo hafukuzwi. Anahamishwa. Ama mtoto, ama wewe. Na usingoje magharibi."

Fathiya hakumtazama mumewe. Alikuwa anahesabu pumzi za Swalha, nazo zilikuwa zinapungua. "Umesikia ulivyoambiwa," alisema.

Ahmada akautoa mtutu kwenye oveni, akaubandika kinywani mwake. Mzee akasoma simuni, maneno ambayo Fathiya hakuyajua na hakutaka kuyajua, na Ahmada akavuta pumzi, akavuta, akavuta, shingo ikamvimba kama ya chatu aliyemeza paa, wala hakuitoa. Swalha akakohoa. Akatema mate meusi, akaomba maji.

"Ameingia?" mjomba akauliza.

"Ameingia," akajibu Fathiya, maana mumewe hakuweza.

"Basi mwambie. Kila Alhamisi afukizwe udi. Asilale chali, alale kaegemea ukuta. Sasa bunduki ni yeye. Na bunduki iliyoshindiliwa haisogezwi kwa mtoto."

Swalha ana miaka sita sasa. Akitoka shule humkimbilia baba yake mikono wazi, na Ahmada huinuka haraka, hurudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, mikono kaificha. Hajampakata tangu siku ile, wala hatampakata.