Mlima Si Masingini

Gari la Bububu liling'oka Darajani saa marikiti imefurika, na pindo la buibui la Shemsa limenasa kwenye msumari wa mlango. Mwenyewe ameshashuka. Gari likasogea, naye akasogea, kikapu cha ndimu mkono mmoja, mkono wa pili ameshikilia heshima yake.

"We dereva! Unanipeleka wapi? Nshashuka miye!"

Dereva hakusikia. Aliyesikia ni Mabrouk, fundi baiskeli wa Ng'ambo, aliyekuwa amechutama kwenye baraza ya duka la vipuri akibandika kiraka. Aliruka mtaro, akaligonga bodi kwa spana mpaka likasimama, kisha akalinasua lile pindo taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Shemsa alilitazama pindo, akamtazama fundi. Ndani ya weusi wa buibui kulikuwa na uso wa maji ya kunde, wanja uliopakwa kwa utulivu, na gauni la maua mekundu lililochungulia mara moja likajificha.

"Umenipaka grisi, fundi."

"Buibui jeusi, grisi nyeusi. Nani atakayeona?"

"Ntainusa. Kila nikilivaa ntakumbuka kuna mwanamme Darajani hajui kunawa."

"Basi si haba," alisema Mabrouk. "Nshapata pa kukumbukwa."

Shemsa akaenda zake, lakini bega lake lilikuwa linacheka. Mabrouk alirudi kwenye kiraka chake akakibandika upande usiotoboka.

Haikupita wiki, simu ya duka la vipuri ikalia. Shemsa alikuwa akimshonea nguo mke wa tajiri mmoja Shangani, na bibi yule akilala mchana, simu yake hulala macho.

"Duka la vipuri? Nauliza kama pampu imekuja."

Mwenye duka, Mhindi mmoja wa Kibohora, mcheshi, akaziba kipokeo kwa kiganja. "Fundi! Mteja wa pampu. Baiskeli hana, lakini pampu anaitaka."

Mabrouk alijifuta mikono kwenye suruali kana kwamba grisi huonekana simuni. "Naam, bibie."

"Pampu ipo?"

"Ipo, imejaa upepo, inataka kupasuka."

"Ipunguze kidogo. Kesho alasiri nnapita marikiti."

"Ntakuwa nimeshanawa."

"Usinawe sana. Ntashindwa kukujua."

Wakaendelea hivyo mpaka Idi, na siku ya sikukuu, Mnazi Mmoja, katikati ya mabembea na wauza halua, Mabrouk akatamka neno la posa. Shemsa hakucheka.

"Mimi nina sharti. Mama yangu yuko bara, Soni, kwenye milima ya Usambara. Marehemu baba alikwenda huko kwa kazi, akamuoa, nikazaliwa. Nilipoanza kutembea baba akamwambia mama, 'Nampeleka mtoto akaonekane kwao, narudi.' Hakurudi, Mabrouk. Mimi nikalelewa hapa na shangazi, na mama yangu akabaki na lile neno narudi. Basi mume wangu ni yule atakayenifikisha kwa mama nikapate radhi yake. Na asiwe mwongo. Mama aliliwa na uongo wa mtu mmoja, unatosha. Wewe bara umepata kufika?"

Hapo ndipo penye jibu la neno moja. Lakini kijana wa mjini anayekaa barazani na mabaharia kila jioni, mbele ya macho kama yale, atasemaje hapana?

"Bara? Mimi? Mara ngapi! Milima ile naijua kama kiganja changu. Kwani mlima nini? Masingini tu hiyo, imepanda kidogo."

Masingini ni kile kilima kilicho nje ya mji, ambacho watu wa Unguja hukiita mlima kwa kukosa mwingine. Mabrouk alikipanda mara moja kwa baiskeli, na katikati alishuka akasukuma. Mbali kabisa alikokuwa amefika ni Matemwe, kaskazini ya kisiwa hicho hicho. Wala ramani hakupata kuiona, kwa sababu alipofika darasa la pili wakubwa walisema viti havitoshi. Vya watoto wao vilitosha.

Wakaozwa. Fungate ilipokwisha, Shangazi Bi Mwatum aliwafungia vileja kwenye mkebe, akawafukizia nguo udi, na salamu zikatangulia Soni kwa mchuuzi mmoja wa viazi. Bandarini makarani waliwaweka juani wakiwauliza majina ya mababu zao, utadhani walikuwa wanakwenda kuuiba huo mlima. Shemsa hakujali. Melini hakulala. Kila mara alimvuta Mabrouk mkono wa kanzu. "Nambie tena, mpenzi, mlima unakuwaje?"

"Utauona."

"Una baridi?"

"Ya kukumbatiana."

"Mwongo we!" alisema akicheka, na neno lile likamchoma Mabrouk ubavuni kama sindano ya godoro.

Tanga walipanda basi la Lushoto. Shemsa akaenda kukaa nyuma pamoja na wanawake, Mabrouk mbele pamoja na wanaume, kama ilivyo kwao. Mama mmoja wa kibara aliyepakata jogoo akashangaa.

"Yule si mumeo? Mmegombana?"

"Hatujagombana. Kwetu wanawake hukaa nyuma."

"Sasa mkitaka kuongea?"

"Tunapiga kelele," alijibu Shemsa, na kweli akapiga. "Mume wanguu! Hii mikonge yote ya nani?"

"Ya wenyewe!" alijibu Mabrouk kutoka mbele, na basi zima likacheka.

Muheza ikapita, Korogwe ikapita. Walipokaribia Mombo, Shemsa akapaza sauti tena. "Jamani, lile wingu mbona halisogei?"

Mzee aliyekaa karibu na Mabrouk akageuka. "Si wingu, mwanangu. Ndio mlima."

Mabrouk akainua macho. Mlima ulikuwa umesimama, umeziba nusu ya mbingu, mweusi chini, kijani katikati, na juu umejifunga kilemba cha ukungu.

"Mume wangu, ndo Masingini yenyewe hiyo?"

"Ndo yenyewe," alisema, kwa sauti iliyotoka kama upepo wa tairi lililotoboka.

Basi likaanza kupanda. Barabara ile wakubwa waliichora kwa kalamu, wanyonge wakaichonga kwa sululu, na aliyechora hakupata kuipita kwa basi. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Hakuna kabisa! Vilele vya miti vilikuwa chini ya magurudumu, na ndege walikuwa wakiruka chini ya miguu ya watu. Nyuma, Shemsa alikuwa kama mtoto aliyeingizwa duka la peremende.

"Oneni maji yanavyoanguka! Kama leso iliyoanikwa! Na kale kanyumba kule, mtu anafikaje kwake? Baridi hii! Mwanamme wewe, unaona?"

"Naona," alijibu Mabrouk, aliyekuwa anaona viatu vyake tu.

Walikuwa wamebakisha kipande kidogo kufika Soni pale gari dogo jeusi lenye bendera lilipotokea kwenye kona likiteremka. Ndani yake mkubwa mmoja wa serikali, kofia yake kubwa kuliko dirisha. Palepale alipokuwa, nyuma yake palikuwa na nafasi ya kupishana. Hakurudi. Alitoa mkono nje akaupunga kama mtu anayefukuza kuku. Roho za basi zima hazikuwa na uzito wa mkono ule.

Basi likarudi nyuma, inchi kwa inchi, kuelekea kule kusikokuwa na kitu. Wanawake wakasoma walichokijua. Taniboi, msaidizi wa dereva, akapiga bodi. "Wanaume wote chini! Tegeni mawe!"

Mabrouk alishuka na wenzake, akabeba jiwe, akalitega kwenye gurudumu kama mwanamme. Kisha akakosea jambo moja, akatazama chini. Alijikuta nyuma ya mwamba, amekumbatia mzizi, macho ameyafumba. Alisikia gari la mkubwa likipita bila hata honi. Akasikia wanaume wakipanda, na taniboi akiita, "Wote tayari? Twende!" Alitaka kuita. Ulimi ulikuwa umekwenda likizo.

Basi likaondoka. Mbele walidhani amehamia nyuma kwa mkewe. Nyuma Shemsa alijua yuko mbele. Hakuna aliyeuliza.

Alipofumbua macho palikuwa kimya, kuna sauti ya maji tu. Njia ya kuteremka ilikuwa mkono wake wa kushoto, pana, laini, inamwita. Chini Mombo, kisha Tanga, meli, Darajani, nchi iliyo sawa. Ya kupanda ilikuwa kulia. Kulia alikuwa Shemsa.

"Ewe Mola," alisema, "miguu umenipa, basi usinipe macho."

Akavua viatu, akageukia ukuta wa mwamba, akaanza kupanda upande upande kama kaa, kifua ukutani, mgongo kwenye shimo. Kwenye kona alitambaa. Mvua ilinyesha, kanzu ikawa ya udongo, kofia ikachukuliwa na upepo na hakuifuata hata kwa jicho. Alikwenda akitaja jina la mkewe kama mtu anayehesabu tasbihi.

Alifika kituo cha basi cha Soni ukungu umetanda kama moshi wa kuni mbichi. Kabla hajaona mtu, alisikia sauti. Moja aliijua. Ya pili ilikuwa nzito, imechoka.

"Twende nyumbani, mwanangu. Hapa hapa nami nilisimama. Kila basi nilisema, yumo humu."

"Atakuja, mama."

"Na baba yako nilisema atakuja. Wanaume wa kisiwani bahari huwafuta. Au labda mumeo kapotea?"

Shemsa alijibu kwa sauti iliyopasuka. "Hawezi kupotea, mama. Huyu milima anaijua, kaja mara nyingi. Njia anaijua kama kiganja chake. Kama hakufika, basi hakutaka."

Mabrouk alihisi uongo wake umesimama mbele yake, unamtolea ushahidi.

"Siijui!" alipiga kelele ndani ya ukungu. "Wallahi siijui!"

Akatokea peku, viatu shingoni, tope mpaka kwenye nyusi. Shemsa alishika mdomo.

"Siijui milima, Shemsa. Bara sijapata kukanyaga hata siku moja. Mwisho wangu Matemwe. Masingini yenyewe nilishuka nikasukuma baiskeli. Pale kwenye kona niliogopa, miguu ikanikatikia, basi likaniacha."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Mbele ya sharti langu."

"Mbele ya sharti lako."

Shemsa alimtazama kutoka kichwani mpaka vidoleni. Machozi yalikuwa yanateremka lakini mdomo ulishaanza kumsaliti. "Na umepandaje, kama unaogopa?"

"Kwa tumbo."

Aliyecheka kwanza ni mama. Mama huyo, Mwanamwema, alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kaniki, kicheko chake kama debe la maharage linalomwagwa. Alimsogelea Mabrouk, akampangusa tope usoni kwa kiganja.

"Shikamoo, mama," alisema Mabrouk.

"Marahaba, baba. Shemsa, nisikilize. Yule wa kwanza njia aliijua, akaenda zake. Huyu haijui, na amefika. Radhi yangu mnayo. Sasa mpe mumeo shuka, anatetemeka kama jogoo aliyenyeshewa."

"Simpi," alisema Shemsa, huku akilivua lake mabegani akimfunika. "Mwongo mkubwa huyu. Utanilipa, Mabrouk."

"Ntalipa, roho yangu. Taja tu."

Walikaa kwa mama siku zilizojaa pea, mahindi ya kuchoma na hadithi za miaka yote iliyopotea. Shemsa alipanda kila kilima akarudi na mashavu mekundu. Mabrouk alimsubiri chini akikaza baiskeli za kijiji. Lakini kila jioni aliitazama ile barabara, akaisogeza sahani kando.

Asubuhi ya kurudi, mama aliwakumbatia wote wawili kwa mkono mmoja, wa pili amebeba kikapu chao cha pea. "Mwakani mje watatu," alisema, na hakulia.

Mabrouk akaenda mbele kwa wanaume, akakaa, akashika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Mara kiti kikayumba. Shemsa alikuwa ameketi ubavuni pake, katikati ya wanaume, kidevu juu.

"Kwetu wanawake hukaa nyuma," alinong'ona Mabrouk.

"Kwetu wanaume hawaogopi. Njoo huku."

Akafungua buibui lake upande mmoja, akamwingiza kichwa kama kuku anavyoingiza kifaranga. Basi zima likapiga vigelegele na mzee mmoja akasema astaghfirullah huku akicheka. Ndani kulikuwa giza, joto, harufu ya udi wa Bi Mwatum, na chini ya udi, kwa mbali, harufu ya grisi ya Darajani. Shemsa hakuwa ameitoa. Mwenye ubavu kama ule na auegemee ungali na joto, maana kuna wanaume ambao usiku hupapasa wakakuta mto tu.

Basi likaanza kuteremka. Likainama, likakunja.

"Shemsa! Kona ngapi zimebaki?"

"Moja tu, mpenzi."

Likakunja tena.

"Hiyo ndo yenyewe?"

"Hiyo si kona, ni mpindo. Kona bado moja."

Likakunja, likakunja. Mkono wa Shemsa ulikuwa umekaza kisogoni pa Mabrouk, naye akasikia kicheko kikimtetemesha mkewe mbavu.

"Shemsa, niambie kweli!"

"Wallahi bado moja," alisema mkewe, akainamia sikio lake ndani ya giza lile. "Mlima huu naujua kama kiganja changu."