Meno ya Fundi Simu

Duka la vipodozi siku ya Jumamosi halina adabu. Watu wanasukumana mbele ya kaunta, huyu anataka losheni, yule dawa ya nywele, mwingine kaja kunusa manukato tu na kwenda zake. Katikati ya vurugu hiyo mwanamume mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likapigika, aliinama akamnong'oneza muuzaji.

"Nipe mswaki mgumu kuliko yote uliyonayo."

"Mgumu?" alidakia mwanamke aliyebanana naye, mwenye gauni la manjano na nywele zilizosukwa mistari myembamba hadi kisogoni. "Kaka, unasugua meno au sufuria?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika mdomoni. Mwanamke aliuona ule mkono, akadhani ni haya. Na alivyokuwa anapenda wanaume wenye haya! Kabla hawajatoka mlangoni walishapeana namba za simu.

Mwanamke alikuwa msusi, saluni yake mtaa wa pili. Mwanamume alikuwa fundi simu, ana kibanda chake cha vioo. Kwao alikozaliwa, maji ya kisima huwatia watu meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na huko hakuna anayemshangaa mwenzake. Alipofika mjini ndipo alipofundishwa kuona aibu.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu, kila mmoja yuko kazini kwake.

"Laazizi, umekula?"

"Nitakulaje na kichwa cha mteja kiko mikononi mwangu?"

"Bahati yake huyo mteja."

"Wivu huo! Hebu washa video nikuone. Haya, cheka basi. Mbona umefumba mdomo kama mtu aliyemeza ndimu?"

"Nakuangalia tu. Umependeza."

"Muongo mkubwa we."

Siku moja Msusi alimtumia tangazo la dawa ya meno, lenye mwanamume anayemeremeta meno mpaka magego. Chini yake akaandika: "Siku ya harusi nakutaka hivi." Akacheka peke yake, akaendelea kumwosha mteja nywele, akasahau.

Fundi hakusahau. Kuanzia hapo asubuhi ikawa magadi na limau, mchana mkaa uliosagwa, jioni mswaki ule ule mgumu mpaka ateme damu. Meno yakaanza kuwa meupe, ndiyo. Lakini hata upepo ukimpiga mdomoni, alishika shavu. Hakumwambia mtu.

Sasa, Msusi alikuwa na mama yake tu duniani, na mama huyo alikuwa anaugua moyo. Kutwa kitandani. Alikuwa na ombi moja: amwone mkwe, ambariki binti yake kwa mdomo wake mwenyewe kabla hajaondoka. Msusi aliapa kwamba bila baraka hiyo haolewi na mtu.

Siku Fundi alipokwenda, mama aliamka. Alijipaka mafuta usoni, akafunga kilemba kipya, akakataa kusaidiwa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu chai. Nimepika mwenyewe."

Fundi alikinyanyua kikombe. Moto ulipogusa meno, maumivu yalimpanda mpaka sikioni. Akakirudisha mezani.

"Ahsante mama. Nimeshiba."

"Umeshiba hata chai? Basi, mwanangu, mletee juisi."

Juisi ilitoka kwenye friji, glasi inatoka jasho. Kuiona tu alisisimka.

"Msisumbuke, mama. Sihitaji kitu."

Alisema hayo macho chini, midomo imebana. Mama alikitazama kikombe kilichojaa, akamtazama yeye. Fundi alipoondoka ndipo alipomgeukia binti yake.

"Mwanangu, yule anadhani nitamlisha sumu. Anayekataa kikombe changu leo, kesho atakukataa wewe. Asirudi hapa."

Akarudi kitandani kwake, akageukia ukutani.

Msusi alipiga simu hapo hapo.

"Mama yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mpenzi."

"Ameinuka na ugonjwa wake akakupikia. Kwa nini ulimdharau?"

Atamwambiaje mwanamke anayepamba watu kutwa kwamba kinywa chake kimeoza kwa kutafuta kupendwa? Fundi akajibu neno baya kuliko yote.

"Sikuwa na hamu tu."

"Hukuwa na hamu! Basi hata mimi usiwe na hamu nami."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, namba yake ilishafungiwa.

Mama hakukaa sana. Habari za msiba Fundi alizipata kwa msichana wa saluni ya Msusi, aliyekuja kubadilisha kioo cha simu. Alifunga kibanda, akaenda.

Jua lilikuwa la utosi. Jirani mmoja alikuwa anazungukia waombolezaji na maji ya barafu. "Kunywa, baba." Safari hii Fundi hakuthubutu kukataa kitu cha nyumba ile. Aliyanywa yote kwa mkupuo. Machozi yakamtoka, akainama ameshika taya.

"Masikini, kumbe alimpenda marehemu," walinong'ona wanawake.

Msusi, kitambaa cheusi kichwani, alikuwa anamtazama. Kila siku kwenye kioo cha saluni huona nyuso za watu wanaovutwa nywele, na kilio cha maumivu anakitofautisha na cha majonzi. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba.

"Fungua mdomo."

"Si mahali pake hapa."

"Nimesema fungua!"

Akafungua, bila kuweka mkono. Kwenye ncha meno yalikuwa meupe. Kwenye mizizi ufizi ulikuwa umechanika na kurudi nyuma, meno yamelika.

"Umejifanya nini, wewe?"

"Magadi. Limau. Ulisema siku ya harusi unanitaka..."

"Ule ulikuwa utani! Utani, jamani!"

"Najua. Lakini wewe ulikuwa unacheka, na mimi naficha mdomo."

"Neno moja tu lilitosha. 'Mama, meno yananiuma.' Angekucheka, halafu angekupoozea yeye mwenyewe hiyo chai."

"Nilitaka nimpendeze."

"Amekufa akijua umemkataa. Unasikia? Hakuna wa kwenda kumwambia."

Msusi alilia kwa hasira, hasira juu ya Fundi na juu ya nafsi yake kwa lile tangazo. Fundi hakujua pa kuweka mikono.

"Ukisema niondoke, naondoka."

"Uende wapi na mdomo huo? Kesho nakupeleka kwa daktari wa meno."

"Nataka kukuoa," akasema Fundi. Posa gani hiyo, msibani! Lakini ilishamtoka.

Msusi alijifuta uso kwa upindo wa kitambaa. Ndani waliita jina lake, hakuitika.

"Nitaolewa na wewe, bila baraka, kwa kuwa baraka nimeizika," alisema. "Ila usije ukaniambia hata siku moja kwamba mama angekupenda. Najua angekupenda. Hilo ndilo sitaki kulisikia."