Jina la Tano Kwenye Karatasi

Seok Mi-ran alimjua Pyo Gi-tae kwa kummwagia mchuzi. Saa sita mchana soko la nguo la Daegu lilikuwa limefurika, na yeye alikuwa akipenya katikati ya watu na bakuli la tambi mikononi. Akageuka ghafla, na nusu ya bakuli ikaishia kifuani kwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la kijivu.

"Dada, sina koti jingine!"

"Basi shukuru. Leo limekula kabla yako."

Mwanamume alicheka mpaka akaegemea meza ya vifungo. Alikuwa na macho mekundu kama ya mtu asiyelala. Alisema yeye ni fundi wa lifti. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, kila mara na kisingizio kipya: kifungo kimekatika, suruali inambana. Mi-ran, fundi cherehani wa miaka thelathini na mmoja, alijua kabisa kwamba vile vifungo alikuwa anavikata mwenyewe.

Mwezi huo mji mzima ulikuwa na hofu. Wanawake wanne walikuwa wamenyongwa vyumbani mwao, wote wakiishi peke yao, na hakuna mlango uliovunjwa. Sokoni akina mama walifunga vibanda mapema wakaenda nyumbani watatu watatu. Mi-ran aliishi peke yake, chumba cha chini, uchochoroni nyuma ya soko, kwa hiyo simu za Gi-tae za kila jioni zilimtuliza.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga, baba."

"Mimi ni baba yako?"

"Hata baba hakunisumbua hivi, mpenzi."

Siku ya kuzaliwa ya Gi-tae, Mi-ran alimpikia mchuzi wa mwani, ule unaopikiwa mwenye siku yake. Gi-tae alikula akiwa ameinamisha kichwa. Tangu mama yake afariki, alisema, akiwa darasa la tano, hakuna aliyewahi kumpikia ule mchuzi.

Wiki iliyofuata alimwachia koti lile la kijivu, bitana imechanika. Mchana wa Alhamisi, mvua ikinyesha, Mi-ran akiwa chumbani kwake alifumua mshono na kukuta karatasi iliyopenya kutoka mfukoni. Mwandiko ulikuwa wa Gi-tae. Majina manne ya kwanza aliyajua, kila mtu Daegu aliyajua. La tano lilikuwa lake. *Seok Mi-ran. Chumba cha chini. Anaishi peke yake. Mlango wa nyuma.*

Simu ikaita. Ni Gi-tae.

"Kipenzi, koti langu unalo? Usilishone kwanza. Uko wapi?"

Sauti ilikuwa ya haraka mno.

"Kibandani," alidanganya, akiwa tayari anachukua mwavuli.

"Baki hapohapo. Nakuja."

Mi-ran alikata. Polisi? Angewaambia nini, kwamba mpenzi wake ana karatasi? Kwanza abadilishe kitasa, kisha apige. Kwenye kona alimkuta Mzee Gu, mchonga funguo, mtu mpole aliyewapa watoto wa soko peremende. Ndiye aliyemchongea ufunguo alipohamia.

"Mjomba, nibadilishie kitasa. Sasa hivi, tafadhali."

"Mwanangu, unatetemeka. Kuna mtu anakufuata?"

"Kuna mtu."

Mzee Gu alichukua mkoba wake bila swali jingine. Walipoingia chumbani, alifunga mlango na kuweka mnyororo.

"Hapa mbele si tatizo," alisema taratibu, akifuta miwani. "Mtu akitaka kuingia atapitia mlango wa nyuma. Tuanze na huo."

Mi-ran akaganda. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na kabati tangu alipohamia. Mzee Gu hakuwahi kukanyaga chumba kile. Ufunguo aliuchongea kibandani kwake. Na bado alikuwa akilitazama kabati kama mtu aliyepitia nyuma yake.

"Nikuwekee chai kwanza, mjomba," alisema. Sauti ilitoka, hakujua imetokea wapi. Akawasha birika.

Simu ikaita tena. Mzee Gu akainua kichwa.

"Pokea tu, mwanangu. Hapahapa."

Basi kulikuwa na wawili wa kuogopa, na ilimbidi achague mmoja. Alikumbuka kile kichwa kilichoinama juu ya mchuzi wa mwani.

"Mpenzi! Koti liko tayari. Njoo jioni tule, umlete na mama."

Gi-tae akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Gu yuko humo ndani?"

"Ndiyo, najua anapenda samaki."

"Mimi ni askari, Mi-ran. Kibandani hukuwepo, sasa tuko mwanzo wa uchochoro wako. Jifungie popote."

"Sawa. Maji yameshachemka."

Alipogeuka, Mzee Gu alikuwa amesimama karibu sana, na mkononi hakuwa na bisibisi bali kamba. Mi-ran alimmwagia birika zima usoni. Mlio aliotoa yule mzee haukufanana na wa binadamu. Mi-ran alikimbilia chooni, akabana mlango kwa mgongo, na kila pigo lililotua upande wa pili lilimpita mwilini. Kisha mlango wa mbele ukavunjwa, nyayo nyingi zikaingia, na mtu mmoja akawa analiita jina lake tu, jina lake tu.

Hakufungua mpaka polisi mwanamke alipobisha.

Alimkataa Gi-tae siku arobaini. Simu zake ziliita mpaka zikachoka. Walionana baada ya kutoa ushahidi mahakamani, mchana kweupe, kwenye ngazi. Mi-ran alivaa gauni la buluu alilojishonea. Gi-tae alikuwa amekonda.

"Ulinifanya chambo," Mi-ran alisema.

"Siku uliponimwagia mchuzi ilikuwa bahati, naapa. Nilikuwa nawachunguza wachonga funguo wa pale, jina lako sikulijua. Nililikuta wiki iliyofuata, kati ya wateja wa Gu. Nilikatazwa kukwambia. Na niliogopa ungekimbia."

"Ningekimbia, ndiyo. Ningekuwa mbali na salama."

"Najua. Nilikosea, Mi-ran. Sina la kujitetea."

Alitafuta uongo usoni mwake, hakuuona. Aliona mtu aliyeogopa kama yeye.

"Silali," alisema. "Mtu akitembea nyuma yangu, napiga kelele."

"Nifanye nini?"

"Tangulia mbele, nikuone."

Gi-tae alishuka ngazi akatangulia. Alitembea polepole kandokando ya barabara, mikono wazi ubavuni, bila kugeuka hata mara moja. Mi-ran alimfuata hatua kumi nyuma, kisha tano. Karibu na kituo cha basi aliharakisha, akamshika upindo wa mkono wa shati, na hakuuachia.