"Siwezi" ya Saa Moja Asubuhi

Walikutana kwenye lifti ya jengo la simu, mchana ule wa mwisho wa mwezi ambapo watu hubanana kama njiti kibiritini. Mwanamke mwenye ovaroli ya kijani alimkanyaga fundi simu kwa buti zito.

"Samahani, kaka! Nimekuumiza?"

"Kwani dada unaendesha nini, trekta?"

"Helikopta. Ya jeshi."

Lifti nzima ikacheka. Fundi hakucheka, alikuwa amekwisha kupenda.

Miezi minane ikapita, simu haziishi. "Rubani wangu, uko juu au chini?" "Chini, mpenzi, nakula." Kilichomshangaza Fundi si kuruka kwenyewe, bali fomu. Kabla ya kila safari, Rubani aliketi mbele ya daktari wa kikosi na kujibu: umelala saa ngapi, umegombana na nani, nyumbani kuna nini.

"Na ukidanganya kidogo?"

"Mwenzetu mmoja aliandika yuko sawa," alisema Rubani, asimalizie.

Kisha ikaja siku ambayo Rubani aliisubiri miaka sita: kuongoza helikopta nne kupita juu ya jiji. Fundi, kwa akili zake mwenyewe, akaona asubuhi hiyo ndiyo hasa. Saa moja kamili akapiga.

"Mpenzi, nisikilize kabla hujapanda. Nataka nikuoe. Unakubali?"

Nyuma ya Rubani zilisikika sauti za watu. Kisha akamsikia waziwazi: "Siwezi."

Simu ikakatika.

Fundi alifungua duka kwa mazoea tu. Dada muuza makava ya simu, jirani yake, alimtazama weee, akashindwa kuvumilia. "Fundi, hiyo simu umeifungua mara tatu. Imekukosea nini?"

Saa nne vioo vya madirisha vikatetemeka. Watu wakakimbilia roshani, na Fundi naye, uchungu na yote, akainua macho. Helikopta zilipita chini chini, zikinguruma hadi kifuani, nzuri ajabu. Akazihesabu. Tatu.

Akapiga simu: haipatikani. Akapiga tena. Posa aliisahau kabisa. Alichotaka ni mtu awe hai, hata kama hamtaki.

"Utaimaliza chaji," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Rubani, na ovaroli yake, jasho likimtoka. Fundi alimkumbatia mbele ya wateja, hana habari nao.

"Niache kwanza, nimekasirika! Tangu getini kambini mpaka ghorofa ya tatu nimekukasirikia. Tena lifti mbovu."

"Nimezihesabu tatu..."

"Ya nne iko chini kwa sababu yako. Fomu inauliza kama kuna jambo kubwa nyumbani. Msiba, ugomvi, ndoa: vyote mstari mmoja."

"Ndoa na msiba?"

"Moyo ukienda mbio, mikono haiulizi ni furaha au kilio. Ulipiga nikiwa mbele ya daktari. Mikono ikaanza kutetemeka, nikamwambia siwezi. Siwezi kuruka leo. Naye akaninyang'anya simu, akaizima."

"Kumbe 'siwezi' ile..."

"Ilikuwa ya daktari, baba. Si yako."

Fundi alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Yeye kila siku huwaambia wateja "njoo jioni, itakuwa tayari," na anajua haitakuwa. Huyu alingoja miaka sita, kisha akakiachia kiti kwa neno moja la kweli, mbele ya wale aliokuwa awaongoze. Alimstaajabia mpaka akaogopa kumgusa.

"Nimekuharibia siku yako kubwa. Nisamehe."

"Umeiharibu kweli. Mkuu amesema nitaongoza mwezi ujao, nikiwa nimetulia." Akatazama buti zake. "Kesho daktari ataniuliza jambo lile limeishia wapi."

"Utamjibu nini?"

"Wewe nawe! Ningekuwa nakukataa ningetetemeka? Ningekwambia hapana, nikapanda zangu, nikaruka."